DEREVA MZEE SI CHUMA CHAKAVU



Mara nyingi tajiri husema: "Dereva huyu amezeeka, mikono imekuwa mizito, aende kwao." Na tuyapime maneno hayo.

Huko Cambridge, Uingereza, bwana A. T. Welford na wenzake walianza mwaka 1946 kuchunguza uzee na kazi, na mwaka 1958 akatoa kitabu. Waliona kwamba kwa mzee kinachochelewa zaidi si mkono wala mguu, bali ni akili kuchagua: nifanye lipi? Na W. E. Hick, wa mji huo huo, alionyesha mwaka 1952 kwamba mambo ya kuchagua yakiongezeka, mtu yeyote hukawia, hata kijana.

Basi taa nyekundu moja haimshindi dereva mzee. Lakini akikutana na njia panda, lori, baiskeli na watoto kwa mara moja, naye anakimbizwa na saa, hapo pana hatari. Hatufichi jambo hilo, maana abiria nao ni ndugu zetu.

Kwa hiyo twadai haya: dereva apimwe kwa kazi yake, si kwa miaka yake tu, saa za safari zisimkimbize, na akishindwa kweli, apewe kazi nyingine bila kukatwa mshahara.

Nawe kijana, usicheke. Njoo mkutanoni uinue mkono kwa ajili ya mzee. Leo kwake, kesho kwako.

Umoja ni nguvu.