Laptopu Haijafa, Diski Ndiyo Imechoka! Acha Kukimbilia Kausha Damu

Wana Mtwara Kuchele, leo nawagusa pabaya kidogo.

Kuna ugonjwa umeingia mjini. Mtu laptopu yake ikichukua dakika tano kuwaka, anatangaza imekufa. Wiki inayofuata yuko stetasi na mpya, kaipakata kama mtoto mchanga. Mioyo kibao, "hongera bosi" kibao. Tusichokiona ni rejesho la kausha damu linalomsubiri kila Jumatatu.

Kuna mpiga picha mmoja wa harusi hapa hapa mjini, jina nalihifadhi. Ukurasa wake umejaa maharusi wa Shangani mpaka Mikindani, na kazi zake wengi tunazikubali. Laptopu ilipoanza kumkwamisha akakopa, akanunua nyingine. Marejesho yakamzidi, sasa hivi kamera ndiyo iko rehani. Jamani, mpiga picha bila kamera si mwalikwa tu kama sisi?

Msimamo wangu ni huu: kabla hujakopa, badilisha diski.

Laptopu nyingi za mtumba tulizonazo zina hadi diski ya zamani. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kijimkono kinachohangaika juu yake kutafuta faili. Prosesa yako inakaa inakisubiri hicho kijimkono. SSD haina kinachozunguka, ni chipu tupu, kama memori kadi iliyokwenda shule. Hadi diski ya namna hiyo inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA inafika 500. Kwenye faili ndogo ndogo, zile zinazotakiwa wakati wa kuwasha, tofauti ni kubwa zaidi. Na bei yake ni kipande kidogo tu cha bei ya laptopu mpya.

Halafu sisi wa huku tuna sababu ya ziada. Unaenda kupiga kazi Msimbati, laptopu umeifunga tu bila kuizima, bodaboda inakurusha njia nzima. Hadi diski ikigongwa huku inazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na harusi ya watu ikapotelea humo. SSD inauvumilia mtikisiko huo vizuri zaidi.

Ila nisiwadanganye, SSD sio dawa ya mganga. Kama RAM ni GB 4, ongeza na yenyewe kama laptopu inaruhusu. Video nzito bado zitategemea prosesa. Na Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, wakati Windows 11 inakataa prosesa nyingi za Intel zilizotoka kabla ya kizazi cha 8. Mwenye mashine ya hivyo anaweza kuweka Ubuntu, ni ya bure, akaendelea na maisha. Pia angalia kwanza umebeba nini: kwenye Windows fungua Task Manager, sehemu ya Performance, mara nyingi utaona kama diski yako ni HDD au SSD. Usije ukalipia kitu ambacho tayari unacho.

Sasa sikilizeni hili, hasa nyie mastaa wetu wa mtandaoni. Diski ya zamani usimwachie fundi! Sisemi mafundi ni wezi, wengi ni watu safi na wanatuokoa kila siku. Nasema kufuta picha sio kuzimaliza, mwenye programu sahihi anaweza kuzirudisha. Mwaka 2008 staa mmoja mkubwa wa Hong Kong aliona picha zake za faragha, akiwa na wasanii wenzake, zimezagaa mtandaoni. Chanzo? Laptopu iliyopelekwa kwa fundi. Mwaka 2009 fundi alifungwa, lakini staa alikuwa ameshatangaza kuachana na sanaa ya Hong Kong, na wale wadada walibebeshwa aibu ambayo haikuwa yao.

Kwa hiyo kaa hapo hapo fundi akifanya kazi. Mwambie ahamishie vitu vyako kwenye SSD, akukabidhi diski ya zamani mkononi. Inunulie kasha la USB, itakufaa kutunzia nakala za kazi zako.

Najua watakuja wa kusema "huyu ana wivu, hana hela ya mpya". Sawa, nunua mpya kama hela ni yako na kodi ya nyumba imelipwa. Ila mteja wa harusi hakuulizi umetumia laptopu gani, anauliza picha zake zitatoka lini.

Wewe ungekopa au ungebadilisha diski? Tiririka hapo chini, matusi hapana.