Nesi wa Tabora, Sehemu ya 4: Huyu Mama Anyongwe?

Leo najua wengine mtanikasirikia. Someni kwanza, matusi baadaye.

Ikisikika hapa Tabora kwamba mama kamuua kichanga chake, hukumu hutoka hapo hapo, chini ya hii miembe ya njia ya zamani ya misafara ya Ujiji: "Muuaji, anyongwe!" Polisi hata hawajafika.

Sheria yetu haiendi hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha makosa ambayo mtaani tunayapa jina moja.

Kifungu cha 196, kuua kwa kukusudia. Lazima ithibitike kuwa kulikuwa na dhamira ovu. Adhabu ni kunyongwa.

Kifungu cha 195, kuua bila kukusudia. Mmegombana, umemsukuma mwenzio, kaanguka vibaya, kafa. Adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha, ila jaji ana nafasi ya kupima.

Kifungu cha 199, mama kumuua mwanawe wa chini ya miezi 12, akili ikiwa imevurugika kwa sababu hajapona athari za kujifungua au za kunyonyesha. Hata kama alilifanya kusudi, ataadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia.

Mtasema namtetea. Hapana. Watoto hao nawapokea kwa mikono yangu hii, na uhai wao una haki. Lakini nimewaona pia mama zao: siku ya nne halali, anasikia sauti, anasema mtoto si wake. Nyumbani wanasema mashetani, anapelekwa kwa mganga. Jamani, huo ni ugonjwa na unatibika!

Sasa hoja yangu. Jaji wa Mahakama Kuu anaisikiliza kesi baada ya muda mrefu. Akili ya mama ya siku ile ataionaje? Ushahidi mkubwa ni faili, kadi ya kliniki, na sisi tuliomwona. Nesi mwenzangu, ukiandika "hali nzuri" bila kumuuliza amelalaje, umemnyima ushahidi wake. Kibaya zaidi, umepoteza nafasi ya kumwokoa mtoto mapema.

Na wewe baba, hudhurio la siku ya 7, ya 28 na ya 42 si la kupima mtoto tu. Ukiona mkeo halali, anaongea peke yake, anamkataa mtoto, usingoje kuche. Mtoto ashikwe na mtu mwingine, mama aletwe hospitali usiku huo huo.

Sehemu ya 5: bibi zetu wenye macho mekundu, na wanaouawa kwa sababu ya moshi wa jikoni. Usiku mwema.