Unahesabu magunia, nani anahesabu pumzi?

Mpenzi msomaji, leo sina utani mwingi. Wiki hii najisuta mwenyewe hadharani, na ukijiona humu usinune.

Msimu wa mpunga hapa Bukene unaujua. Kutoka stesheni hadi mashineni ni vumbi na magunia tu. Mimi nanunua vijijini, nakoboa, nauza. Baba watoto ni mwalimu, anatoka alfajiri. Nyumbani anabaki binti wa kazi na kitindamimba wetu, ambaye wakati huo alikuwa na miezi 14.

Mtoto akaanza mafua. Nikasema, aah, mafua ni mafua. Kesho yake kikohozi. Nikapekua kabatini, nikakuta chupa ya dawa iliyobaki ya kaka yake, nikamnywesha kijiko kimoja, huyoo nikaenda zangu. Mama mkwe akasema ni kimeo, aitwe fundi akikate. Hapo nilikataa katakata, maana kukata kimeo hakutibu kifua, kunaleta damu na vidonda tu. Lakini badala yake nilifanya nini? Hakuna! Nikarudi kwenye magunia yangu.

Siku ya tatu nikaingia nyumbani saa mbili usiku. Mtoto kalala, nikashukuru Mungu. Kumbe! Jirani yetu, mama mtu mzima aliyewahi kuwa mhudumu wa afya kijijini, alikuja kudai hela yake ya mpunga. Hata hajakaa, akatega sikio.

"We mwanangu, hiyo pumzi gani?"

Akamfunua fulana, akaniambia nishike simu nitazame dakika moja kamili. Tukahesabu kifua kinavyopanda: mara 56. Na kila akivuta hewa, chini ya mbavu panabonyea kwa ndani. Tukamwamsha, akaamka kwa shida. Nikampa ziwa, akageuza uso.

"Hii nimonia, tena kali. Hela utanipa kesho. Tafuta pikipiki!"

Kituo cha afya walimpokea kwa sindano na mashine ya oksijeni. Nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, nikamgeukia binti: tangu lini hali? "Tangu saa sita mchana, mama. Uji hataki, maji hataki." Sasa kwa nini hukunipigia simu? Akainama. "Juzi ulinifokea, ukasema nisikupigie kwa mambo madogo."

Msomaji, nilikosa pa kuficha uso. Wanyamwezi wa karne ya 19 walibeba mizigo kwa miguu hadi Bagamoyo, habari za nyumbani wakizikuta wakirudi. Mimi nilikuwa mwendo wa nusu saa, simu mfukoni, na habari zikanipita vile vile.

Mwanangu alipona. Lakini tuambizane ukweli: nimonia bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua sana watoto wa chini ya miaka 5, na haisubiri ufunge hesabu za siku. Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi akiwa ametulia, siyo analia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Ukiona mbavu zinabonyea, mpeleke siku hiyo hiyo. Na akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, ondoka dakika hiyo hiyo, usiku usiku.

Wengine mtasema, "Wangu kachanjwa." Hata wangu. Chanjo ya nimonia inatolewa nchini tangu 2013, mtoto anapata akiwa na wiki 6, 10 na 14, na inaokoa wengi. Ila vijidudu ni vya aina nyingi, haivizuii vyote. Na ule moshi wa kuni tunaomvutisha mtoto mgongoni tukisonga ugali nao unamwongezea matatizo.

Siku hizi kwangu sheria ni tatu. Binti amefundishwa kuhesabu pumzi, na anaweza kunizidi mimi. Nauli ya pikipiki ipo kwenye kopo juu ya kabati, haiguswi hata sukari ikiisha. Na binti ana ruhusa ya kwenda kituoni bila kunisubiri mimi wala baba mwenye nyumba. Simu atapiga akiwa njiani. Akikosea, mtoto akawa na mafua tu, hasara yetu ni nauli. Sitamfokea.

Mpunga upo kila msimu, mama. Leo ukifika nyumbani, kabla hujahesabu mauzo, mfunue mtoto fulana kwanza.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.