Darsa za Mayahudi Vyuoni na Masuala ya Zama Hizi

Mwaka 1977, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, wazazi wawili Mayahudi walioshika dini yao barabara waliletewa suali ambalo hakuna mzazi apendaye kuulizwa. Walikuwa wamejaaliwa pacha wa kike walioungana kifua, na mioyo yao imeshikana ikawa kama moyo mmoja. Madaktari walisema watoto wale wakiachwa hivyo hivyo watakufa wote wawili. Na wakitenganishwa, mmoja atakufa palepale ili mwenziwe apate nafasi ya kuishi. Mpasuaji alikuwa Daktari C. Everett Koop, ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1982, alikuwa mganga mkuu wa serikali ya Marekani. Kisu kilikuwa tayari. Lakini wazazi walikataa kutoa idhini mpaka suali lifikishwe kwa mwanachuoni wao mkubwa, Rabi Moshe Feinstein wa New York, mzee aliyekwisha kupita miaka themanini.

Mzee yule hakujibu siku ile wala ya pili yake. Aliuliza na kuuliza tena, kwani alitaka kujua kwa yakini kama yule mtoto dhaifu hakuwa na njia yoyote ya kuishi. Mtu aliyekuwa akipeleka maswali kwa madaktari na kurudisha majibu alikuwa mkwewe, Rabi Moshe David Tendler, na mtu huyu ndiye aliyetufanya tuandike habari hizi. Alikuwa na viti viwili katika Chuo Kikuu cha Yeshiva mjini New York. Katika kiti kimoja alifundisha elimu ya viumbe, na katika cha pili alisomesha Talmudi, yaani bahari ya mijadala ya sheria ya Kiyahudi. Mwisho Rabi Feinstein aliruhusu. Hoja yake ilitoka katika mlango wa sheria unaomhusu mtu anayemfukuzia mwenziwe kwa namna itakayoleta mauti: yule dhaifu, bila ya kosa wala nia, uhai wake ulikuwa unauvuta uhai wa mwenziwe. Upasuaji ukafanywa. Mtoto aliyebaki naye alifariki baada ya wiki chache.

Msomaji aliyekaa darsani atakumbuka kwamba sisi nasi tuna suali la jamaa yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilizungumza katika kitabu chake cha usuli kiitwacho Al-Mustasfa. Watu wamo chomboni, chombo kinazama, na mmoja akitupwa baharini waliobaki watasalimika. Je, inajuzu kumtupa? Ghazali alikataa. Na kwa kweli masuala haya mawili hayalingani sawasawa, maana waliomo chomboni kila mmoja ana uhai wake aliosimama nao, na hakuna aliyeegemea moyo wa jirani yake. Lakini mwanafunzi anayeziweka kesi mbili hizi pamoja na kutafuta ni wapi zinapoachana, huyo amekwisha kuanza kuwa mwanachuoni.

Sasa, tukiacha siasa kwa dakika chache (nasi tutazirudia, hatutazikimbia), ni vizuri Waislamu wa mwambao wajue namna Mayahudi wanavyosomesha vijana wao vyuoni. Hawa ni Ahlul Kitabu. Sheria yao huiita halakha, neno lililotoka katika maana ya kwenda, kama sharia kwetu ilivyo njia iendayo majini. Suali la kuomba hukumu huitwa sheela, na kila Mswahili anayesema suali amesikia udugu wa maneno hayo. Vitabu vyao vya fatwa huitwa masuala na majibu, navyo ni vingi mno. Mwaka 1963 wataalamu wa Israeli walianza kazi ya kuviingiza katika kompyuta, na kazi hiyo ikakaa katika Chuo Kikuu cha Bar-Ilan.

Ukiingia katika chumba chao cha darsa jambo la kwanza litakalokushangaza ni kelele. Maktaba zetu zimeandikwa "Nyamaza". Kwao watu wawili wawili wameelekeana, kila mmoja amefungua kitabu kile kile, na wanabishana. Mwenza huyo wa somo ana jina lake, havruta, na kazi yake ni kukupinga mpaka hoja yako ikae sawa. Kurasa zenyewe mtu wa madrasa hatazionea ugeni. Matini iko katikati kwa hati kubwa. Ubavuni mmoja pana sherehe ya Rashi, mwanachuoni wa mji wa Troyes nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, na ubavu wa pili pana maneno ya waliokuja baada yake, wakiwemo wajukuu zake, wakimkosoa. Ni mfano wa hashiya ya Bajuri juu ya Fat-hul Qarib. Mpangilio huo ulienea tangu Talmudi ilipopigwa chapa Venice, baina ya miaka 1520 na 1523.

Jambo la pili ni kwamba kauli iliyoshindwa haifutwi. Zamani palikuwa na madrasa mbili, ya Hillel na ya Shammai, zikikhitilafiana kwa mambo mengi. Talmudi inaeleza kwamba sheria ilifuata upande wa Hillel kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wapole, na kila walipofundisha walianza na kauli ya wapinzani wao kabla ya kutaja yao. Sisi ambao kila mwaka mwezi wa Ramadhani ukiandama tunagawanyika mtaa kwa mtaa, na kila upande unauhesabu wa pili kuwa hauna elimu, habari hiyo tuisome mara mbili.

Jina la Hillel huyo ndilo lililopewa jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi iliyoanzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois, na ambayo leo ina matawi katika vyuo vingi. Wengi wanaoingia humo hawakusoma dini utotoni. Wapo pia wanaosoma dini yao kama taaluma tu: mwaka 1925 Harvard ilimpa Harry Wolfson kiti cha ualimu wa fasihi na falsafa ya Kiebrania, na bwana huyo huyo akaja kuandika kitabu kizito juu ya ilimu ya Kalamu ya Kiislamu, kilichotoka mwaka 1976 baada ya kufa kwake. Njia hizi mbili zina mvutano. Mwalimu wa taaluma atamwambia kijana kwamba Taurati imeandikwa na mikono mingi kwa nyakati mbalimbali, na jioni kijana yule yule anakwenda kuisoma kama neno lililoteremka kwa Nabii Musa, alayhi salaam. Mwanafunzi wetu aliyekaa mbele ya mustashriki huko Ulaya anaujua uchungu huo.

Masuala wanayoyajadili ni yale yale yanayotugongea sisi mlango. Chukua la mauti. Daktari Christiaan Barnard alipohamisha moyo wa mtu mjini Cape Town mwezi wa Disemba mwaka 1967, ulimwengu mzima ulitaka kujua: mtu amekufa lini? Moyo unapodunda kwa msaada wa mashine na ubongo umekwisha kufa, huyo ni maiti au ni mgonjwa? Mwaka 1968 kamati ya Harvard ilisema kifo cha ubongo ni kifo. Rabi Feinstein wakati ule aliukataa kabisa uhamishaji wa moyo na kuuhesabu ni kuua watu wawili, mwenye kutoa na mwenye kupewa, kwa kuwa waliopewa walikuwa hawaishi. Tiba ikasonga mbele, na mjadala nao ukasonga. Mwaka 1986 Baraza Kuu la Marabi wa Israeli liliruhusu kwa masharti, likikubali kifo cha ubongo. Na marabi wengine wakubwa, kama Shlomo Zalman Auerbach wa Jerusalem, hawakuridhika.

Mwaka ule ule, 1986, maulamaa wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu walikutana Amman, Jordan, nao wakapitisha kwamba ubongo ukisita kazi zake zote kabisa na madaktari mabingwa wakathibitisha kuwa haurudi, basi mtu huyo huhukumiwa amekufa. Wapo wanavyuoni wetu ambao hadi leo hawaikubali kauli hiyo. Pande mbili hizi hazikuandikiana barua. Kila mmoja alipita njia yake, lakini wote wakauliza kwanza waganga ndipo wakahukumu. Na wote wawili wanasimama juu ya msingi wa thamani ya nafsi moja, msingi ambao Surat Al-Maida, katika aya ya 32, imeutaja kuwa ni hukumu waliyoandikiwa Wana wa Israili. Kwao kuokoa roho kunaivunja hata Sabato, licha ya uzito wake.

La riba tuligusie tu. Wao nao Taurati imewaharimishia kutozana riba, na Qurani katika Surat An-Nisaa inatukumbusha hivyo. Marabi walitengeneza mkataba wa ushirika ambao kwao mwenye kukopesha huwa mshirika wa biashara, akapata fungu la faida badala ya nyongeza juu ya deni. Anayejua mudharaba ataona jamaa. Benki za Israeli hufanya kazi chini ya mkataba huo. Wapo vijana wao wanaouliza kama hii si hila ya kubadilisha jina, na suali hilo hilo liliulizwa na Waislamu wa Mombasa benki za Kiislamu zilipofungua milango Kenya mwaka 2008.

Upande wa wanawake wamebadilika zaidi kuliko inavyodhaniwa. Kwa karne nyingi Talmudi haikufundishwa mabinti. Mwaka 1977 Rabi Joseph Soloveitchik, imamu wa fikra za Mayahudi wahafidhina wa Marekani, yeye mwenyewe alikwenda Chuo cha Stern cha wasichana mjini New York akatoa darsa ya kwanza ya Talmudi. Hakuandika tamko refu. Alifungua kitabu akasomesha. Madhehebu mengine yalikwisha kwenda mbali zaidi, hata mwaka 1972 Sally Priesand akatawazwa rabi. Sisi hatusemi tufuate hilo. Lakini mabinti zetu wanaosomea udaktari na sheria watapata wapi darsa ya fiqhi iliyo sawa na akili zao?

Na sasa Palestina. Tunajua kwamba kuna msomaji ambaye tangu mstari wa kwanza amekuwa akiuliza: hayo maadili yao huishia wapi yanapofika Gaza na Quds? Ni haki yake kuuliza, na vijana wa Kiyahudi wenyewe wanaulizana. Profesa Yeshayahu Leibowitz wa Chuo Kikuu cha Hebrew mjini Jerusalem, mtu wa sala na wa maabara, alianza kuonya mara baada ya vita vya mwaka 1967 kwamba kuwatawala Wapalestina kutaioza dola na kuitia dini najisi. Walimchukia wengi. Mwaka 1993 alipotajwa apewe Tuzo ya Israeli zogo likazuka, akaikataa. Mwezi wa Disemba mwaka 2013 wanafunzi wa Hillel katika Chuo cha Swarthmore walitangaza kwamba hawatafuata amri ya kuwafungia mlango wasemaji wanaoipinga Israeli, na mwishowe wakalazimika kuliacha jina la Hillel. Aprili 2024 vijana wa Kiyahudi walikaa chakula cha Pasaka ndani ya mahema ya kuitetea Gaza katika Chuo Kikuu cha Columbia, na Mayahudi wengine katika chuo hicho hicho wakasema mahema yale yaliwatia hofu. Pande zote mbili zilikuwa zikisoma kitabu kimoja juu ya kutoka Misri.

Hatumwombi mtu asahau dhulma. Tunasema tu kwamba anayeitaja dola ya Israeli, dini ya Kiyahudi na kila Myahudi kama kitu kimoja, amejinyima kuwaona akina Leibowitz, na amejinyima pia hoja zao, ambazo zina nguvu kuliko matusi.

Kwetu mambo haya si mageni kabisa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, hapa Mombasa, alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932 akiwazungumzia Waislamu mambo ya zama zao kwa lugha wanayoielewa, nao wapo waliomkasirikia. Nani ameshika kazi ile katika vyuo vikuu vyetu? Jumuiya za wanafunzi Waislamu zinafanya mema: zinatunza msikiti, zinafuturisha, zinaalika wahadhiri. Lakini mhadhara huenda upande mmoja. Mwanafunzi anayeuliza suali zito mara nyingi huambiwa ana wasiwasi, akapewa dua ya kusoma.

Jaribio lake halihitaji fedha nyingi. Kadhi mmoja, daktari mmoja, wanafunzi wa kiume na wa kike, usiku mmoja kwa wiki, matini ya fiqhi mezani na kauli za madhehebu zote zinasomwa kabla ya mtu kusema yake. Jibu liandikwe kwa Kiswahili, na aliyekhitilafu naye aandikwe jina na hoja yake. Masuala ya kuanzia yapo tayari. Yuko kijana wa kike anayejifunza uuguzi, zamu yake ni chumba cha wagonjwa mahututi, na jamaa wa mgonjwa wanamtazama yeye, kwa kuwa ana mtandio kichwani, wakitaka awaambie kama kuzima ile mashine ni halali.