Chokaa iko Kakontwe, kwa nini mto Panda unaendelea kuumia?

Wakaaji wa Kakontwe, huko Likasi, wanalifahamu jiwe la chokaa tangu utoto wao. Likichomwa, chokaa yake hupunguza ukali wa asidi katika maji machafu ya viwanda, na kufanya shaba na kobalti zishuke chini kama tope. Basi dawa iko karibu. Anayekosa kutibiwa ni mto Panda.

Panda unapita Likasi, kwenye viwanda vya Shituru vilivyojengwa enzi ya Union Minière, kisha unakwenda kukutana na Lufira upande wa ziwa Tshangalele, lililotokana na baraji ya Mwadingusha. Watafiti wamekuta metali nzito katika samaki wa ziwa hilo. Kutoka pale Lufira unashuka hadi uwanda wa Kamalondo na kuungana na Lualaba karibu na ziwa Kisale, eneo linaloishi kwa uvuvi.

Wako wanaosema mto mkubwa humeza uchafu wa mto mdogo. Ni kweli kwa asidi, kwa kiasi fulani. Lakini metali haiozi. Inatulia pale maji yanapopunguza mwendo: ziwani, penye matete, uwandani. Ndipo samaki wanapozalia, na ndipo mvuvi anapotega nyavu.

Jirani zetu wa Zambia wamekwisha kuona matokeo. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la taka za mgodi lilipasuka karibu na Chambishi. Asidi ilifuata kijito cha Mwambashi hadi mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Serikali ililazimika kumwaga chokaa mtoni kwa ndege na mashua. Chokaa ileile ingetiwa kwenye maji machafu kabla ya kufika mtoni, kazi ingekuwa ndogo zaidi.

Kompani zitasema kusafisha maji ni gharama kubwa. Gharama ipo, lakini leo inalipwa na mvuvi wa Tshangalele na mama anayelima bustani kandokando ya Panda. Hawakupata faida ya shaba hiyo.

Sheria ya maji ya Kongo ipo tangu Desemba 2015. Kinachohitajika ni mambo mawili. Kwanza, kila kiwanda kitibu maji yake ndani ya uzio wake, na tope linalobaki lihifadhiwe mahali pasipovuja, kwa sababu mwamba wa chokaa una matundu na mapango yanayopeleka maji haraka chini ya ardhi. Pili, viongozi wa jimbo wapime maji pale Panda unapoingia Lufira, na majibu yatangazwe kwenye redio za Likasi kila mwezi.

Uchafu ukishafika Lualaba, hakuna tena atakayeweza kuurudisha. Pa kuuzuia ni Likasi.