KIPIMO KIWE KIMOJA

Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru, haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Je, hawakuwapo wenye kuijua kazi? Walikuwapo! Walitibu, walichoma sindano, walipigana na malale kijiji kwa kijiji. Lakini Wabelgiji waliwaita wasaidizi, na msaidizi hata azeeke kazini hakuitwa daktari.

Mwaka uleule Shirika la Afya la Dunia likapeleka wasaidizi wapatao 60 Ufaransa. Watu wazima walikaa darasani na vijana, wakafanya mitihani, na mwaka 1963 wakarudi madaktari kamili. Miaka mitatu tu! Basi akili ilikuwapo siku zote. Walionyimwa ni nafasi.

Leo daktari aliyesoma Lubumbashi akifika Ubelgiji huambiwa diploma yake ipimwe kwanza. Hilo hatulilii. Mgonjwa ana haki ya kujua anayemtibu ni nani. Hata kwetu, Baraza la Madaktari lipo tangu 1968, na daktari sharti aandikwe humo. Basi mgeni anayekuja Kamina naye apimwe, asipokelewe kwa rangi yake.

Tunalopinga ni mtu kupimwa kwa nchi aliyotoka. Aambiwe wazi anachopungukiwa, afundishwe, atahiniwe. Akishinda, aitwe daktari na alipwe kama daktari. Wasaidizi wale walifanyiwa hivyo, wakashinda. Nani atasema haiwezekani?