Njia ya Yeriko Yapita Shasha

Yako maneno yaliyosemwa mbele yetu hapa Shasha ambayo hatuwezi kuyanyamazia. Ndugu mmoja wa mjini, Mkristu mwenzetu, alikwenda kuhiji katika nchi ya Bwana wetu Yezu Kristu. Alirudi salama, tukamshukuru Mungu. Alituonyesha rozari ya mti wa mzeituni, kichupa cha maji ya Yordani na picha nyingi. Tukafurahi pamoja naye. Lakini alipomaliza alisema: “Ninyi mnasoma tu, mimi nimeona. Kuona si kuambiwa. Asiyefika Yerusalemu, imani yake ni nusu.”

Wengine walimsadiki. Mama mmoja akauliza kwa huzuni: “Basi sisi tusio na nauli hata ya kufika Goma, tutaokoka namna gani?” Kwa ajili ya mama huyo tunaandika.

Kwanza tuseme wazi: kuhiji si kosa. Eklesia imeipenda nchi ile tangu zamani. Wafransisko wamepewa na Papa ulinzi wa mahali patakatifu tangu mwaka 1342, na kila Ijumaa Kuu parokia za dunia nzima hutoa sadaka kwa ajili ya Wakristu wa huko. Mtakatifu Papa Paulo wa Sita alikwenda Januari 1964, na Papa Fransisko Mei 2014. Anayejaliwa kwenda, na aende kwa heri.

Lakini na akumbuke mlango wa kanisa la Betlehemu. Ni mlango mfupi sana, kimo chake kama meta moja na robo tu. Mtu mzima hawezi kuingia asipoinama. Ni ajabu gani basi, mtu kuinama Betlehemu, kisha kurudi kwetu shingo juu!

Je, ni kweli kwamba kuona nchi ile ndiko kunakoleta imani? Pilato aliiona. Herode aliiona. Yuda Iskariote hakuona nchi tu: alitembea na Bwana, akala naye mezani. Kuona kuliwafaa nini? Naye Toma alipodai kuona na kugusa, Bwana alimhurumia, lakini heri aliwapa wale wanaosadiki pasipo kuona. Heri hiyo, ndugu msomaji, ni yako wewe uliye Shasha.

Mtazame pia Mwafrika mwenzetu, yule mkubwa wa malkia wa Etiopia, katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Alisafiri mwendo mrefu hadi Yerusalemu kusali. Alipokuwa akirudi, ameketi garini mwake, alisoma Isaya wala hakufahamu. Hija alikuwa ameimaliza, lakini alichokitafuta hakuwa amekipata. Alikipata njiani, katika barabara ya kwenda Gaza, Filipo alipopanda na kumweleza. Ubatizo aliupokea katika maji ya kando ya barabara. Wangapi kati yetu tumepata Filipo wetu hapa hapa, katika katekista aliyetufundisha chini ya mti?

Mtakatifu Yeronimo hakuwa mgeni wa nchi ile. Alikaa Betlehemu tangu mwaka 386 hata alipokufa mwaka 420. Lakini alimwandikia rafiki yake Paulino kwamba sifa haimo katika kufika Yerusalemu, bali katika kuishi vema ukiwa huko. Na kwamba mlango wa mbinguni u wazi sawasawa kwa mtu wa Yerusalemu na kwa mtu wa Britania, nchi iliyokuwa kwao kama mwisho wa dunia.

Tufike sasa kwenye njia ya Yeriko. Toka Yerusalemu hadi Yeriko ni karibu kilometa 27, mteremko mtupu. Wahujaji hupitishwa huko kwa basi, wakaonyeshwa jangwa. Je, wanakumbuka yule kuhani katika mfano wa Bwana alikuwa anatoka wapi? Alikuwa anashuka. Alitoka Yerusalemu! Hekalu aliliacha mgongoni, na mtu aliyejeruhiwa akampita kando. Na aliyesimama ni nani? Ni Msamaria, ambaye watu wake hawakusali Yerusalemu hata kidogo.

Ndugu, toka Goma hadi Sake ni karibu kilometa 25, na mbele kidogo, kandokando ya ziwa, ni Shasha. Urefu wa njia ni kama ule ule. Na waliojeruhiwa wako. Mwezi wa Februari 2024 mapigano kati ya M23 na jeshi la serikali yalifika hapa, barabara ya Goma na Bukavu ikakatika. Watu walikimbia na magodoro kichwani na watoto mgongoni, kama Yosefu na Maria walivyokimbilia Misri. Barabara ilipofungwa, wasafiri wakageukia ziwa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, na watu wengi wakafa maji.

Yesu wa njia ya Yeriko anatungoja hapo. Na sisi wa Shasha tusijisifu. Je, hakuna kati yetu aliyempandishia mkimbizi bei ya chumba? Hakuna aliyeficha unga? Mtu aweza kuwa kuhani wa njia ya Yeriko bila kufika Yerusalemu.

Mtazameni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Walimpa rushwa aruhusu vyakula vilivyooza vipite. Akakataa, asije akawalisha watu sumu. Mwaka 2007 wakamwua. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Eklesia ilimtangaza Mwenyeheri. Mlima wake wa Kalvari ulikuwa ofisini mwake.

Basi, mama uliyeuliza, futa machozi. Yerusalemu ya juu haidai nauli. Kwenye Misa yupo Bwana yule yule aliyezaliwa Betlehemu, mzima, si nusu.

Nawe ndugu uliyetoka hija, hatukuchukii. Njoo tena. Safari hii acha picha nyumbani, na ile chupa ya Yordani. Ulete mafuta na divai, kama Msamaria. Tutakuonyesha mahali pa kusimama.